Kliniki ya Meno Yenye Wanafunzi Mjini Tabora: Tathmini ya Usafi wa Mikono, Vifaa na Mavazi ya Kinga

Watu wengi hapa Tabora, wakisikia kwamba kliniki fulani ya meno inapokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, huahirisha safari au husisitiza kuhudumiwa na daktari mkubwa peke yake. Baada ya kuzibwa gego na kusafishwa ukoga katika kliniki ya namna hiyo, na baada ya kuruhusiwa kukaa katika chumba cha kutakasia vifaa na kutazama kazi inavyokwenda, nimeona kwamba hofu hiyo imeelekezwa pasipo pake. Wanafunzi niliowakuta wanazijua kanuni za kuzuia maambukizi, pengine kuliko baadhi ya waliowatangulia katika kazi. Kinachoamua kama watazifuata ni idadi ya vifaa vilivyopo, muda unaoachwa kati ya mgonjwa na mgonjwa, na mwenendo wa yule anayewasimamia. Kwa vigezo hivyo naipa kliniki hii alama nzuri katika mambo mengi na alama ya wastani katika machache, na lipo jambo moja ambalo siwezi kulipa alama yoyote.

Mwenye kliniki alikubali niingie vyumba vya nyuma kwa sharti kwamba nisiitaje kwa jina, kwa kuwa wanafunzi bado wako masomoni na hakupenda makosa yao yawafuate hadi kwenye ajira. Nimeliona kuwa sharti la haki. Itoshe kusema kwamba ni kliniki binafsi iliyomo mjini, yenye viti viwili, daktari mmoja wa kinywa na meno, tabibu mmoja wa meno, muuguzi, na wanafunzi wanaopokezana kwa vipindi, baadhi yao wa stashahada na wengine wa shahada ya udaktari wa meno, ambayo kule Muhimbili husomwa kwa miaka 5. Kwa upande wangu, nilifanya kazi ya maabara hospitalini kwa sehemu kubwa ya maisha yangu kabla ya kustaafu, kwa hiyo nikiingia mahali pa tiba jicho huenda kwanza kwenye mikono na juu ya meza, na mapambo ya mapokezi huyaona mwisho.

Naanza na mikono, kwa sababu hapo ndipo wanafunzi walipofanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Kijana aliyenipokea kitini alisema, “Shikamoo mama. Naomba univumilie kidogo, ninawe mikono kwanza,” kisha akaenda kwenye sinki lililo mbele ya macho ya mgonjwa. Mahali pa sinki peke yake ni jambo la kupongezwa, kwani sinki lililofichwa nyuma ya mlango humnyima mgonjwa nafasi ya kuona na humpa mhudumu nafasi ya kuruka hatua. Alinawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, akapita kati ya vidole, migongo ya viganja, madole gumba na ncha za kucha, kazi ambayo kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 huchukua sekunde 40 hadi 60, halafu akafunga bomba kwa kiwiko. Nilipomuuliza baadaye kwa nini anawe ilhali anakwenda kuvaa glovu, hakubabaika. Alieleza kwamba glovu huweza kuwa na matundu madogo yasiyoonekana, kwamba nyingine huchanika kazini bila mvaaji kujua, na kwamba joto na jasho lililofungiwa ndani huwapa vijidudu vya ngozi nafasi ya kuongezeka haraka, ndiyo maana mikono huoshwa kabla ya kuvaa na tena baada ya kuvua. Katika chumba cha mtihani jibu hilo lingempatia alama zote.

Tatizo liko katika kile ambacho mikono hiyo hufanya ikishavaa glovu. Mwanafunzi huyo huyo, akiwa ameshaugusa mdomo wangu, alinyoosha mkono kurekebisha taa, akavuta droo kutafuta kipande cha pamba, akachukua kalamu na kuandika kitu katika jalada langu, kisha akarudi kwenye jino. Kila kitu alichokigusa njiani kilipata mate yangu, na mgonjwa atakayekuja baada yangu atayakuta kwenye kalamu na kwenye mpini wa droo, sehemu ambazo hakuna anayezikumbuka wakati wa kufuta. Hili si jambo dogo: kirusi cha homa ya ini B huweza kubaki hai nje ya mwili, katika damu iliyokauka juu ya meza, kwa muda usiopungua siku 7. Taa ilikuwa na kinga, maana mpini wake hufunikwa kwa nailoni nyembamba ambayo hubanduliwa baada ya kila mgonjwa, na vivyo hivyo vitufe vya kiti. (Mgonjwa mwenzangu aliyekuwa akisubiri aliniuliza kama nailoni hazikupigwa marufuku, nikamjibu kwamba zilizopigwa marufuku mwaka 2019 ni mifuko ya kubebea bidhaa, na vifungashio vya huduma za afya vilisamehewa.) Droo na kalamu havikuwa na kinga yoyote. Nilipomweleza daktari, alikiri kuwa ameshasema mara nyingi, nami nikamwambia ninavyoamini: kusema hakutoshi pale ambapo pamba imewekwa ndani ya droo. Ikiwekwa juu ya trei kabla mgonjwa hajaketi, pamoja na kila kitu kinachotarajiwa kutumika, mkono hautakuwa na sababu ya kwenda droo. Trei za kiti cha pili, zinazoandaliwa na muuguzi, ndivyo zilivyo, na wanafunzi wale wale wakifanya kazi kwenye kiti hicho hawagusi droo hata kidogo.

Barakoa zilivaliwa na wote bila kukumbushwa, na zilifunika pua, jambo ambalo kabla ya mwaka 2020 lisingekuwa la kawaida sana katika vyumba vya tiba. Hata hivyo barakoa ilibadilishwa pale tu ilipoonekana kuchafuka, ilhali kanuni ni kuibadilisha kwa kila mgonjwa, na kabla ya hapo ikiwa imelowa, kwa sababu kitambaa kilicholowa kwa pumzi hakichuji tena ipasavyo. Nilimwona pia mwanafunzi mmoja akiishusha barakoa hadi kidevuni ili azungumze na mgonjwa aliyekuwa mgumu wa kusikia, kisha akaipandisha kwa kuishika upande wa mbele, yaani mahali hasa ambapo matone ya mate yalikuwa yametua. Nia yake ilikuwa njema na nisingependa aache kuzungumza na wazee, ila angevua na kuvaa nyingine. Barakoa zipo za kutosha, kasha zima lilikuwa mezani.

Miwani ya kinga ndiyo iliyonisikitisha. Nilitaka kujua kama wanafunzi wanafahamu kazi yake, na wote niliozungumza nao walinieleza bila kusita kwamba mashine ya kuchonga jino na ile ya kuondoa ukoga hurusha hewani mchanganyiko wa maji, mate, damu na chembechembe za jino, na kwamba utando wa jicho ni mlango wa maambukizi kama ulivyo utando wa mdomo. Pamoja na kujua hayo, wakati wa kuondoa ukoga wangu mwanafunzi alikuwa ameipandisha miwani yake juu ya paji la uso. Sababu aliitoa kwa uwazi: inapata ukungu. Aliyewahi kukaa Tabora mwezi Oktoba, kabla mvua hazijaanza, ataelewa anachosema. Chumba kina feni tu, na feni yenyewe huzimwa wakati wa kazi ili isitawanye matone, pumzi hutoka juu ya barakoa iliyolegea puani na kuifunika miwani, na mtu anayechonga jino hawezi kufanya kazi kwa kukisia. Basi huchagua kuona. Tafiti za nchi nyingi kuhusu wanafunzi wa udaktari wa meno zimekuta mwelekeo huu huu, glovu na barakoa zikivaliwa karibu na wote na miwani ikiachwa nyuma, na mara nyingi tafsiri inayotolewa ni kwamba elimu iongezwe. Hapa elimu haikupungua hata chembe. Kilichopungua ni ngao ya uso iliyo wazi pembeni ili hewa ipite, au barakoa yenye waya mzuri wa kubana puani, au utepe wa kubandika ukingo wa juu wa barakoa, vitu ambavyo gharama yake si kubwa. Mgonjwa, kinyume chake, hupewa miwani ya plastiki kila mara, na baada ya matumizi huoshwa na kupanguswa kwa kipukusi, yaani dawa ya kuua vijidudu. Nilipewa yangu na nikashukuru, maana vipande vya ukoga viliruka hadi kwenye kioo chake.

Sasa nije kwenye chumba cha nyuma, ambacho wagonjwa hawakioni na ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachostahili kutazamwa kabla ya kuamua kurudi mahali au kutorudi. Maneno “kinga ni bora kuliko tiba” yamebandikwa ukutani kama yalivyobandikwa katika zahanati nyingi nchini, na huwa siyapi uzito. Nilichokipa uzito ni mpangilio wa meza: vifaa vichafu huingia kwa mlango mmoja, hupita kwenye sinki la kuoshea, hukaushwa, hufungwa, huingia katika otoklevu (mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke wenye shinikizo), na kutokea upande wa pili kwenye kabati lenye milango ya kioo, bila kichafu na kisafi kukutana njiani. Kuosha hufanywa kwa brashi chini ya maji, mwoshaji akiwa amevaa glovu nene za mpira na aproni, kwa sababu damu na ukoga vilivyogandia kwenye kifaa huzuia mvuke kufika kwenye chuma. Kuna pia ndoo ya jiki, ambayo ina kazi yake kwenye meza na kwenye damu iliyomwagika, na mchanganyiko wake ulikuwa sahihi: jiki ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa maji vipimo sita, ili kupata klorini ya asilimia 0.5, ukitengenezwa upya kila asubuhi. Niliuliza wanafunzi watatu kila mmoja kwa wakati wake kuhusu kipimo hicho, na wote walikitaja bila kutazama karatasi. Mmoja aliongeza, bila mimi kumuuliza, kwamba koleo likisahauliwa humo litaliwa na kutu, na kwamba kuloweka katika jiki hakufanyi kifaa kiwe tayari kuingia kinywani mwa mtu mwingine. Hapo nilifurahi kwelikweli.

Kuhusu otoklevu yenyewe, kuna jambo la Tabora ambalo vitabu vilivyoandikiwa watu wa pwani havilitilii maanani mara kwa mara. Mji wetu uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kwa sababu hiyo maji huchemka hapa kwenye nyuzi joto 96 hivi, si 100, kwa hiyo desturi ya zamani ya kuchemsha vifaa katika sufuria, ambayo hata pwani haitoshi kuua mbegu za bakteria (bakteria waliojifungia katika ganda gumu), huku ni dhaifu zaidi. Vilevile otoklevu ndogo ya kuweka juu ya jiko, ambayo kliniki huitumia umeme unapokatika, ina kipimo cha shinikizo tu. Kanuni inayojulikana ni pauni 15 kwa inchi ya mraba, ambazo kwenye usawa wa bahari hutoa nyuzi 121 zinazohitajika kwa dakika 20 kwa vifaa visivyofungwa na dakika 30 kwa vilivyofungwa. Juu hapa, ambako hewa ya nje ina shinikizo dogo, mshale ukisoma 15 joto la ndani hubaki karibu nyuzi 119, na inapasa kufika pauni 17 hivi ili kupata nyuzi 121. Nilimwuliza tabibu kuhusu hilo nikitarajia kumfundisha kitu, naye akanionyesha alama ya rangi nyekundu aliyoichora mwenyewe kwenye kioo cha kipimo, kwenye 17. Wanafunzi wa shahada walikuwa hawajawahi kuisikia hesabu hiyo kabla ya kufika Tabora, na nadhani kwa hilo peke yake safari yao imewalipa. Otoklevu kubwa ya umeme husoma joto moja kwa moja na haina shida hiyo.

Kila kifurushi kina utepe unaobadilika rangi na tarehe iliyoandikwa kwa kalamu, na liko daftari la kila mzunguko lenye saa, joto na jina la aliyehusika. Utepe, hata hivyo, huonyesha kwamba kifurushi kimepita kwenye joto, lakini hauthibitishi kwamba vijidudu vimekufa. Uthibitisho huo hutolewa na kichupa chenye mbegu za bakteria aitwaye Geobacillus stearothermophilus, anayestahimili joto kuliko wengine karibu wote: huingizwa pamoja na vifaa, kisha hutunzwa kwenye joto la kuotesha, na mbegu zikiota basi mashine imeshindwa kazi yake. Miongozo ya Marekani hupendekeza kipimo hicho kila wiki. Kliniki hii haikifanyi kabisa, na hapo ndipo ninapoipa alama ya wastani. Wanafunzi walikijua kwa jina, kwa kukisoma darasani, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kukishika mkononi.

Alama ya wastani ya pili inahusu vichwa vya mashine ya kuchonga jino, na naomba msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo, kwani hapa ndipo ujuzi wa mwanafunzi unapozidiwa nguvu na idadi ya vifaa. Kichwa hicho huzunguka kwa kasi kubwa na kina mirija ya hewa na maji ndani yake. Kinaposimama, kinaweza kuvuta kiasi kidogo cha mate na damu kuingia ndani, mahali ambapo kitambaa chenye spiriti hakifiki. Kwa hiyo baada ya kila mgonjwa kinapaswa kupitishiwa maji na hewa kwa sekunde 20 hadi 30, kisha kufunguliwa, kusafishwa, kutiwa mafuta na kuingizwa katika otoklevu. Tuseme mgonjwa mmoja huchukua nusu saa, na safari ya kichwa kuanzia kusafishwa hadi kupoa huchukua saa moja. Kichwa kimoja basi hurudi mezani baada ya saa moja na nusu, na katika muda huo kiti kimoja kimepokea wagonjwa watatu. Kiti kimoja kinahitaji vichwa visivyopungua vitatu, viti viwili sita, na hiyo ni kama otoklevu inawashwa kwa ajili ya kila kichwa peke yake, jambo ambalo hakuna anayelifanya. Kliniki ina vinne. Asubuhi vinne vinatosha. Kufikia saa tano, wagonjwa wakiwa wameongezeka, kuna wakati ambapo kabati halina hata kimoja.

Nilichokishuhudia wakati huo ndicho kilichonifanya niandike tathmini hii. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alifungua kabati, akaona halina kitu, akatazama kichwa kilichokuwa kimetoka tu mdomoni mwa mgonjwa na kuwekwa kwenye trei chafu, akatazama chupa ya spiriti, kisha akamtazama daktari. Daktari alisema neno moja, “Tunasubiri,” akatoka mwenyewe kwenda kumwomba radhi mzee aliyekuwa kwenye foleni na kumweleza kwa nini atachelewa. Nimefanya kazi mahali ambapo msimamizi angetikisa kichwa kuelekea ile chupa ya spiriti, na najua mwanafunzi angejifunza nini hapo, na kwamba asingekisahau hata akiwa na kliniki yake. Mwaka 2013 huko Tulsa, Marekani, wagonjwa wapatao 7,000 wa mtaalamu mmoja wa upasuaji wa kinywa walishauriwa kupimwa baada ya wakaguzi kukuta vifaa vyenye kutu na utakasaji usioaminika, na uchunguzi ukathibitisha kwamba mgonjwa mmoja aliambukizwa homa ya ini C kutoka kwa mgonjwa mwenzake katika chumba hicho. Mtaalamu yule hakuwa mwanafunzi, alikuwa mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi.

Maji ya kwenye kiti niliyatazama kwa haraka na nikaridhika. Kiti hakikuunganishwa moja kwa moja na bomba la mji, kina chupa yake inayojazwa maji yaliyotakaswa, na asubuhi mirija hupitishiwa maji kabla ya mgonjwa wa kwanza. Mirija hiyo ni myembamba, maji hulala ndani yake usiku kucha, na utando wa bakteria hujijenga kwenye kuta zake zisipotunzwa. Mwaka 2011 mwanamke wa miaka 82 nchini Italia alifariki kwa nimonia ya bakteria wa Legionella iliyofuatiliwa hadi kwenye maji ya kiti cha meno.

Nimefika kwenye jambo nililolinyima alama. Sindano ya ganzi katika meno ina tabia yake: mara nyingi mgonjwa huhitaji kuongezewa dozi, kwa hiyo sindano hurudishiwa kifuniko kwa muda badala ya kutupwa papo hapo, na hapo ndipo vidole huchomwa. Namna salama ni kuacha kifuniko juu ya trei na kukichota kwa sindano, mkono mmoja tu ukifanya kazi. Wanafunzi wote walinionyesha namna hiyo vizuri nilipowaomba. Katika kazi halisi, nilimwona mmoja akiiacha na kutumia mikono yote miwili, akiwa ameshika kifuniko kwa vidole vya kushoto na kukilenga kwa sindano, kwa sababu trei ilikuwa imejaa na kifuniko kilikuwa kinateleza. Safari hii hakuchomwa. Kifaa kidogo cha kusimamisha kifuniko, cha chuma au plastiki, kingemaliza tatizo hilo.

Kibaya zaidi ni kinachofuata mtu akichomwa. Niliuliza ofisini kama kuna daftari la matukio hayo, nikajibiwa kwamba halijawahi kuhitajika. Wanafunzi, nilipozungumza nao bila msimamizi, walicheka kwa aibu. Mmoja alisema, “Mama, ukiripoti unaonekana mzembe, na fomu ya tathmini anaijaza msimamizi yule yule.” Mwingine alieleza kwamba aliwahi kujichoma katika kituo kingine, akaminya kidole kitoe damu, akakimwagia jiki, akaendelea na kazi. Hapo ndipo nilipoona pengo la elimu kwa mara ya kwanza, kwani kuminya hakusaidii na jiki huunguza nyama. Inatakiwa kuosha kwa maji mengi na sabuni, kisha kwenda mara moja kupimwa. Dawa za kuzuia VVU baada ya tukio huanzwa haraka iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na humezwa kwa siku 28. Uwezekano wa kupata VVU kwa kuchomwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi ni karibu watu 3 katika 1,000, ilhali kwa homa ya ini B, kwa mtu asiyechanjwa, huweza kufika 30 katika 100. Wanafunzi walikuwa na hofu kubwa ya VVU na hofu ndogo ya homa ya ini, kinyume kabisa na hesabu hizo. Hospitali ya rufaa ya mkoa ya Kitete iko mjini humu humu, lakini hakuna karatasi ukutani inayomwambia mwanafunzi aende wapi, amwone nani, na nani atamlipia.

Chanjo ya homa ya ini B hutolewa kwa watu wazima kwa dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Ilianza kuingizwa katika chanjo za watoto wachanga nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo baadhi ya vijana hawa waliipata utotoni bila kujua, wengine hawakuipata, na kadi za kliniki za wakati huo nyingi zimeshapotea. Baadhi ya niliozungumza nao walikuwa wamekamilisha dozi zote, baadhi walikuwa wameishia ya pili kwa sababu ya tatu iliangukia wakati wa likizo, na hakuna aliyekuwa amepimwa kingamwili mwezi mmoja au miwili baada ya kumaliza, kama inavyoshauriwa kwa wanaoshika damu. Chuo ndicho kingepaswa kulisimamia hili kabla ya kumtuma mwanafunzi kazini, lakini hakuna kinachomzuia mwenye kliniki kuuliza kadi ya chanjo siku ya kwanza, kama anavyouliza barua ya utambulisho.

Taka zilitenganishwa ipasavyo na kisanduku cha usalama cha vitu vyenye ncha kali hakikuwa kimepita robo tatu. Sina la kuongeza hapo.

Kwa upande wa huduma yenyewe, kuziba jino kulinigharimu shilingi 50,000, kipimo cha picha kikiwemo, na jino halijanisumbua tangu hapo. Mwanafunzi alikuwa na mkono mwepesi wa kuchoma ganzi, alinieleza kila hatua kabla ya kuifanya, na daktari alikagua kazi yake kabla sijainuka. Mgonjwa ana haki ya kukataa kuhudumiwa na mwanafunzi, na mapokezi huuliza kabla, kwa heshima. Binafsi ningekubali tena. Nilipomaliza ziara zangu nilimwachia daktari maoni yangu kwa maandishi: ngao za uso, vichwa vingine viwili vya mashine, vishikio vya vifuniko vya sindano, na daftari la waliochomwa litakalokaa kwa muuguzi wala si kwa msimamizi anayejaza fomu za tathmini. Alijibu kwamba vishikio ameshaviagiza, daftari litaanza mwezi ujao, na vichwa vitasubiri kwa kuwa bei yake ni kubwa.

Kwa sababu ya vichwa hivyo, nashauri anayehitaji kuchongwa au kuzibwa jino aende siku ya kazi, saa mbili hadi saa nne asubuhi, wakati kabati limejaa. Jumamosi hufika wagonjwa wengi kutoka Sikonge, Urambo na Uyui, ambao wametumia nauli na hawawezi kurudi kesho, na foleni huwa ndefu kuliko uwezo wa otoklevu. Atakayelazimika kwenda siku hiyo achukue kitu cha kusoma, na akiambiwa asubiri kifaa kipoe, asilalamike. Anayekwenda kung'oa tu hana haja ya kuchagua siku, kwani makoleo yapo mengi na nilikuta yote yamefungwa yakiwa na tarehe.